Nyumba Isiyoshika Jembe

Kama wiki hii umeambiwa una saratani, usiende kutafuta ushauri kwa watu wenye afya. Watakupa. Watakupa majani ya mstafeli, mafuta ya upako, juisi ya bitiruti, aya za Biblia zilizokatwakatwa kama nyama ya kilo, na hadithi ya binamu wa jirani aliyekuwa na kitu hichohicho na sasa anakimbia mbio ndefu kila Jumapili. Mimi nilipewa haya yote, na kitabu cha bustani juu yake. Naandika kwa sababu dawa zimekwisha, kipimo cha mwisho kimetoka safi, nywele zinaota laini kama za mtoto mchanga, na nimepata tena nguvu ya kudharau. Kwa miezi sita nilikosa hata hiyo. Dharau inahitaji damu, na damu yangu nyingi ilikuwa kwenye vichupa vya maabara.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Ulikuwa kwenye tezi, ulianza na uvimbe juu ya mfupa wa bega, na nilidhani ni kwa sababu nabeba begi la vitabu upande mmoja. Nina miaka ishirini na saba. Nimetoa riwaya moja, iliyosomwa na watu wanaoweza kuenea kwenye sebule ya kawaida, na kabla ya Januari nilikuwa naamini hilo ndilo jambo zito kuliko yote lililowahi kunipata.

Tunaishi Overport, mimi na Mama, kwenye nyumba ndogo ya nyuma ya Uncle Yusuf, mwenye nyumba. Uncle Yusuf alizaliwa hapahapa Durban, lakini babu zake walitoka pwani ya huko juu, na Kiswahili alichobaki nacho ni kama sahani za urithi: chache, zimepasuka, na anazitoa kwa fahari mgeni akija. Kati ya ukuta wake na kamba yetu ya kuanikia nguo kuna ukanda wa udongo, hatua kumi na mbili kwa tano. Hiyo ndiyo bustani ya Mama. Mchana Mama hupunguza urefu wa suruali za watu kwenye duka la fundi huko Greyville. Jioni na Jumamosi hulima.

Lazima nieleze bustani, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Majira ya baridi ya Durban ni mzaha. Asubuhi unavaa sweta, saa sita unalivua na kulifunga kiunoni, na watu wanakutumia picha za kikombe cha chai kana kwamba wameokoka kwenye theluji. Lakini ni makavu. Mvua inakatika, upepo unakuja na vumbi, na udongo ukiachwa wazi unakuwa mgumu kama biskuti. Kwa hiyo kila Aprili Mama huandaa bustani. Anang'oa mabua ya mahindi na kuyakata vipande. Anavuta mashina ya maboga yaliyokwisha kuzaa. Anageuza udongo wote, anachanganya na mbolea ya kuku, halafu anafanya kitu ambacho sijaona jirani yeyote akifanya: hainui matuta, anachimba mitaro mipana na kupanda ndani yake. Kwao Burundi, miezi hii ya ukame watu hushuka mabondeni kulima kwenye unyevu. Overport iko juu kilimani na haina bonde, basi Mama alijitengenezea la kwake, na maji ya kufulia nguo yanaishia humo. Anapanda maharage, vitunguu, kabichi. Anafunika udongo kwa majani makavu. Mwezi wa saba, nyasi za jirani zikiwa rangi ya mkate, sisi tunakula maharage mabichi.

Jembe analotumia lilitoka kambini Kigoma, nilikozaliwa. Alilileta bamba tu, bila mpini, limefungwa kwenye kitenge katikati ya nguo zangu, na mpini aliutia huku. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka nililionea aibu.

Tangu umri huo mimi ndiye mdomo wa Mama. Yeye anasema Kirundi na Mungu, Kiswahili na watu, na Kiingereza chake kinaishia kwenye "sawa" na "bei gani". Kila karatasi, kila dirisha la ofisi, kila mwalimu aliyeita mzazi, mimi ndiye niliyesimama katikati. Mtoto anayetafsiri hujifunza mapema kukata. Mwalimu akisema "binti yako ni mvivu na ana kiburi", mimi nilikuwa nasema "anasema nijitahidi". Watoto wote wa wakimbizi wanaujua ufundi huu. Tulidhani tunawalinda wazazi. Tulikuwa tunajilinda wenyewe, waoga wakubwa, na mimi ndiye niliyekuwa bingwa wao.

Siku ya majibu daktari aliongea robo saa nzima. Ni kijana, alikuwa na sauti nzuri, na alisema kila kitu: jina la ugonjwa, umbali uliofika, dripu kumi na mbili, moja kila wiki mbili, watu wanaopona, watu wasiopona. Alipomaliza, Mama alinigeukia.

"Anasema nini?"

"Anasema ni uvimbe. Kuna dawa ya kuuyeyusha."

Robo saa ya mtu aliyesoma miaka saba, nikaifanya sentensi mbili. Mama alimtazama daktari. Daktari alikuwa ameshika boksi la tishu, anamsogezea.

Wiki mbili baadaye, kwenye dripu ya kwanza, mama mmoja Mkongomani aliyekaa benchi la nyuma yetu akamsalimia Mama, wakaongea kidogo, halafu akasema kwa huruma kabisa: "Pole sana, maman. Huku kote iko kansa tu."

Mama hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Kuanzia siku hiyo aliendelea kuuliza "anasema nini?", lakini macho yake yalibaki usoni kwa daktari, na nilipojibu alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

*

Januari hadi mwanzo wa Machi, dripu ya kwanza hadi ya nne. Joto la Durban likiwa limelala juu yetu kama ng'ombe mgonjwa.

Unafika hospitali kabla jua halijachomoza, unachukua faili, unakaa. Unasogea kiti kimoja. Unakaa. Kwenye ukuta kuna televisheni inayoonyesha kipindi cha mapishi, na ninamlaani hadi leo aliyeamua kwamba watu hamsini wenye kichefuchefu watazame mtu akimimina krimu. Dawa moja ni nyekundu kama sharubati ya dukani. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Kufikia mara ya nne nilikuwa natapika nikiona kijana amevaa fulana nyekundu kwenye robot, gari likisubiri taa za barabarani zigeuke. Ulimi ulipata ladha ya sarafu. Kucha zilianza kuweka mistari myeusi, mstari mmoja kwa kila dripu, mwili ukijiandikia kalenda. Mishipa ya mkono wa kushoto ilikakamaa ikawa kamba. Nywele hazikuanguka kwa huzuni kama kwenye filamu. Ziliziba bomba la bafu, na Uncle Yusuf akalazimika kuja na waya.

Wema ulikuwepo, na ulikuwa mdogo kiasi cha kuaminika. Yule mama Mkongomani alileta vipande vya nanasi vilivyogandishwa kwenye friji, akatugawia kimoja kimoja, tukavifyonza wakati wa dripu, na ladha ya sarafu ikakimbia. Chukua hilo. Ndilo ushauri pekee wa chakula katika maandishi haya.

Wenzangu wa fasihi walikuwa kitu kingine. Tuna kikundi huko Berea, tunasomeana kazi Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na nilikuwa nawapenda. Serge, mshairi kutoka Bukavu, alikuja kunitazama baada ya dripu ya tatu akakaa kitandani kwangu bila kuulizwa.

"Belyse, iko matière ya roman hapa, riwaya nzima," alisema, macho yakimng'aa. "Mateso kama haya ni zawadi kwa mwandishi."

"Nikupe?"

"Nini?"

"Zawadi. Chukua. Shika hii ndoo kwanza."

Alicheka. Nilikuwa nahitaji ndoo kweli.

Dada mwingine wa kikundi hicho alileta kile kitabu. Kizuri, kizito, kilichochapwa nchi ya theluji, chenye sura nzima ya namna ya kuandaa bustani kwa majira ya baridi. Funika waridi kwa nyasi. Chimbua mizizi ya maua uitunze ghalani isigande. Iache bustani ilale. Ndani aliandika kwa wino wa kijani: *Lala, ili uamke.* Nilikisoma kwenye foleni, nimelowa jasho, nikimdharau mwandishi, mchapishaji, na waridi. Sikujua kwamba nyuma ya nyumba yetu bustani ilikuwa imekwisha kulazwa.

*

Nilichelewa kuona. Machi yote nilikuwa napita kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi. Aprili ilipofika nilisogeza kiti mlangoni kuota jua, ndipo nikaona mabua ya mahindi bado yamesimama, makavu, yanasuguana. Mashina ya maboga yalikuwa yameoza palepale. Magugu yamefika gotini. Nikasema Mama amechoka. Nani asingechoka? Anashona, anafua mashuka yangu, anapika chakula ninachokitapika.

Halafu wakaja wamama wa kanisa, Jumapili ya pili ya mwezi, wanane, wakiongozwa na mke wa mchungaji, mwanamke mwenye sauti inayokufanya umwonee huruma Mungu. Waliimba. Waliniwekea mikono kichwani, kwenye upara, na mmoja wao alikuwa na mafua; sista wa hospitali angewafukuza kwa fagio. Mke wa mchungaji alimwambia Mama, mbele yangu, kwa Kiswahili cha kuhubiri: "Mama Belyse, Bwana akitaka kuchukua ua lake, sisi ni nani?"

Nikamjibu: "Ni wageni. Chakula kiko tayari, kuleni."

Mama alipakua maharage. Nikaangalia sahani yangu. Yalikuwa ya zambarau yenye michirizi myeupe.

Maharage hayo hatuli. Hayo ni mbegu. Mama huyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, yamechanganywa na majivu wadudu wasiyaguse, na kila mwaka hupanda, huvuna, hutoa mapya, huweka. Aliyabeba kutoka kambini pamoja na jembe. Katika miaka ya njaa, na tulikuwa nayo, kopo lile halikufunguliwa. Sasa yalikuwa kwenye sahani nane za plastiki yanaliwa na watu walionihesabu kati ya maua ya Bwana.

"Mama," nilisema walipoondoka, "umepika mbegu."

"Wageni walikuwa wengi."

Na mimi, mwandishi, mtu anayejisifu kuona yasiyosemwa, nikaenda kulala.

Wiki iliyofuata walinipiga picha za mashine, na baada ya dripu ya saba daktari akaniita na Mama. Safari hii alikuwa anatabasamu. Uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Dawa inafanya kazi. Nilimgeukia Mama kabla hajauliza, nikamwambia kila neno, machozi yakinitoka. Alitikisa kichwa chake cha redio ya jirani.

"Mama, ni kweli!"

"Sawa, mwanangu."

"Nimwite Serge akutafsirie?"

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu Januari, na halikuwa cheko zuri. "Wewe na Serge? Kazi yenu wote wawili ni kutunga."

*

Siku tatu baadaye Uncle Yusuf alikuja mlangoni amevaa kofia yake ya Ijumaa, amebeba sahani ya sambusa iliyofunikwa kwa kitambaa. Alisimama kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Pole, binti," alisema. "Pole sana kwa msiba."

"Msiba gani, Uncle?"

Akababaika. "Mimi nimeuliza Mama yako. Nikasema, Mama, baridi iko karibu, kwa nini hulimi? Ardhi inangoja. Yeye akasema kwetu kukiwa na msiba hatushiki jembe." Akashusha sauti. "Nani amefariki? Mtu wa Burundi?"

Nikapokea sambusa. Nikasema asante. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Baba yangu alikufa kambini nikiwa na miaka sita. Kitu ninachokikumbuka zaidi kuliko jeneza ni shamba letu. Mashamba ya majirani yalikuwa ya kijani, letu lilijaa magugu, kwa sababu kwetu mtu akifa nyumba yake haigusi udongo. Jembe liliegemea ukuta. Tulikula mgao wa kambi, na niliwachukia watu wazima kwa kuyaachia magugu yashinde. Mpaka siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, ndugu walipokusanyika wakanywa na kusema maneno yao, na kesho yake Mama akaliinua jembe akaenda shambani bila kuangalia nyuma.

Sasa nilielewa mabua. Nilielewa mbegu: alikuwa analisha waombolezaji. Mama yangu alikuwa ameanza matanga yangu. Alikuwa ananifulia mashuka, ananikandia miguu, na wakati huohuo ameshanizika, na hakuniambia, kama mimi nilivyokuwa simwambii. Ufundi wangu aliuchukua akautumia vizuri kuliko mimi.

Alipotoka kazini nilimngoja mezani.

"Mama, nani amekufa humu?"

Aliweka mfuko wake chini. "Wapi?"

"Uncle Yusuf amenipa pole."

"Yule mzee hasikii vizuri."

"Jembe liko wapi?"

"Liko pale lilipo."

Lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, bamba limefungwa gunia.

"Basi kesho ulime."

"Nimechoka, Belyse." Alianza kumenya viazi, maganda marefu bila kukatika. "Mwaka huu nimechoka tu."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Unaweza kupona kwenye wodi yenye mende. Unaweza kupona na kipindi cha mapishi ukutani. Ila sikuona namna ya kupona ndani ya nyumba iliyokwisha kunililia, ambako kila uji niliopewa ulikuwa uji wa marehemu. Na maneno, mali yangu yote, hayakuwa na thamani kwa mtu pekee niliyehitaji aniamini.

*

Kwenye dripu ya nane, mwanzoni mwa Mei, nilimuuliza sista kama naweza kulima. Ni mwanamke mnene wa KwaMashu asiyempa mtu yeyote nafasi ya kujihurumia, na nilimpenda kwa hilo.

"Kulima? Na damu hii?" Akaangalia karatasi yangu. "Eish. Udongo una vijidudu, sisi." Sisi, kwa Kizulu chake, ni dada. "Ngoja wiki moja damu ipande, uje nipime. Halafu glovu. Barakoa. Buti. Nusu saa, unatoka, unanawa hadi viwiko."

Nilingoja wiki. Alinipima. Akaninyooshea kidole: "Nusu saa."

Jumamosi, Mama akiwa bado Greyville, nilivaa buti zake za mvua, glovu za njano za kuoshea vyombo, barakoa, na kofia ya sufu juu ya upara. Nilionekana kama mtu aliyekuja kuiba mtambo wa umeme. Nikafungua gunia, nikalitoa jembe, nikaenda kwenye mabua.

Sijui kulima. Lazima niseme wazi. Mama hakunifundisha kwa sababu alitaka nisome, na mimi sikuuliza kwa sababu nililionea aibu lile jembe. Pigo la kwanza liliingia kidogo likasimama. La pili lilirudi na kuniuma viganja. Ule mkono wenye mishipa ya kamba ulivutika kana kwamba mtu ameufupisha. Nilipiga mara nne, nikapumzika, mara nne, nikapumzika, nikipumua pumzi yangu mwenyewe ndani ya barakoa. Nilikuwa nimekwaruza mstari wa hatua nne hivi, uliopinda kuelekea ukutani, niliposikia geti la pembeni.

Mama alisimama. Pini za kazini zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola yake.

"Unafanya nini?"

"Nalima."

"Hiyo ni kulima?"

Nikapiga tena. Jembe likateleza juu ya jiwe.

"Mana yanje," alimwambia Mungu wake. Kisha akaniambia mimi: "Unakwaruza kama kuku. Mikono iko juu mno. Shusha! Unashika jembe kama kalamu."

"Ndicho ninachojua kushika."

"Inama basi! Nani analima amesimama wima kama askari wa benki? Inama!"

Niliinama, dunia ikazunguka, nikauegemea mpini. Alikuja hatua mbili, akanyoosha mkono. Nikalivuta jembe kifuani.

"Huruhusiwi," nilisema. "Nyumba yako ina msiba."

Mkono wake ulibaki hewani. Kwa dirisha la Uncle Yusuf redio ilikuwa inasoma matokeo ya mpira. Mama aliangalia buti zake miguuni kwangu, glovu, mstari wangu wa aibu.

"Siku ile," alisema, taratibu, "siku ya kwanza. Yule daktari alisema nini? Sema yote. Usipunguze."

Nikamwambia. Nilishusha barakoa nikamwambia yote, kama mgeni kwa mgeni, bila kupamba. Jina la ugonjwa. Kwamba wengi wanapona na wengine hawaponi, na hakuna anayejua nani. Kwamba unaweza kurudi hata baada ya kuisha. Kwamba uvimbe umepungua kweli, zaidi ya nusu, na zimebaki dripu nne. Nikafika kwenye lile ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata Serge, hata daftari langu.

"Na alisema dawa hizi zinaweza kunizuia kupata mtoto. Hana hakika. Alisema nijiandae."

Uso wa Mama ulivunjika, halafu ukajikusanya. Alikuwa na mtoto mmoja. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtu anayenyanyua gunia. Niliona kitu ambacho riwaya yangu nzima haikukijua: lile baya ndilo lililolifanya lile jema liaminike. Kwa miezi minne nilimpa habari njema zilizonyolewa, naye akazidharau, na alikuwa na haki.

"Kwa hiyo imepungua," alisema.

"Imepungua, Mama."

"Zaidi ya nusu."

"Zaidi ya nusu."

Akavua viatu vya kazini, akaviweka juu ya ukuta.

"Lete jembe," alisema. "Utaniharibia udongo."

Nilimpa. Alilipima mkononi, akatemea kiganja, akainama kutoka kiunoni, mgongo bapa kama meza, na bamba likaingia lote, hadi mpinini. Aligeuza bonge jeusi lenye unyevu ambalo mimi sikuwa nimelifikia. Hakusema neno la kuondoa matanga. Alilima hadi nusu saa yangu ikaisha, akanifukuza nikanawe, akaendelea hadi mabua yote yakawa chini.

Kwenye kopo zilikuwa zimebaki mbegu thelathini na moja. Nilizimwaga mezani, nikapuliza majivu.

*

Kama wewe ni mdomo wa mama yako, kama ndiye unayesimama kati yake na koti jeupe, usipunguze. Ni hilo tu nililo nalo kwa ajili yako, hilo na nanasi. Anausoma uso wa daktari kuliko unavyodhani, na utakachokificha atakizika pamoja na wewe.

Dripu ya kumi na mbili iliisha wiki ya mwisho ya Juni, asubuhi ya upepo mkavu. Sikupiga kengele ya waliomaliza dawa wala kukata keki. Nilipanda basi, nikalala siku mbili. Kitabu cha theluji nilikirudisha kwa mwenyewe. Serge ameandika shairi juu yangu, ambamo mimi ni njiwa, tumeacha kusalimiana.

Kati ya zile mbegu za maharage, ishirini na nane ziliota. Mama alichimba mitaro yake mipana, iliyonyooka kama pindo la suruali, akafunika udongo wote kwa mabua. Mtaro mmoja tu aliuacha kama ulivyokuwa, ule wangu, mfupi, wa kina cha kikombe, unaokimbilia ukutani. Nilimwomba aurekebishe. Akakataa. Alipanda ndani yake palepale, mbegu sita, zikaota zimepinda.

Mwezi wa saba wamama wa kanisa walirudi. Niliwasikia kutoka jikoni, Mama akiwapitisha kwenye bustani, mke wa mchungaji akisifu kijani chote kile wakati wa ukame. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake, ni nani aliyechimba kile kitu kibaya pale mwisho.

"Huo ni wa Belyse," Mama alisema, na dharau iliyokuwa katika sauti yake ningeweza kuilamba kama asali. "Huyu hajui kulima hata kidogo. Nitamfundisha mwaka kesho."